Nyumba ya Nyanya Haitaki Simiti

Wajomba wangu wanataka nyumba ya nyanya hapa Malindi ibomolewe, zijengwe fleti za kukodisha wageni. Mimi nakataa, na si kwa huruma tu. Angalieni Nyumba ya Nguzo pale mjini: ilijengwa karne ya 19, ikawa hospitali, na tangu 2004 ni makumbusho. Nyumba kuukuu haijaisha kazi.

Ila fundi akija na simiti, mzuieni mlangoni. Ukuta wa matumbawe unapumua. Simiti inafungia unyevu ndani, chumvi inasukuma plasta mpaka inabanduka. Chokaa inaacha unyevu utoke.

Na uani? Ati nyasi kijani kama za hoteli! Maji yetu yanatoka Baricho. Mfereji ukikauka wiki nzima, utamwagilia na soda? Panda mshubiri na adeniamu, lile ua la pinki lenye shina nene. Ni mimea ya nyika yetu, inajiwekea maji yenyewe. Mwaga changarawe, basi.

Fleti zitajengwa popote. Nyumba hii ikianguka, nani ataijenga tena? Wajomba, naombeni tukae kikao kwanza.