Anayelinda Naye Ahesabiwe

Watoto wetu wawili wana mchezo wa kompyuta ambao mchezaji huwa kocha wa timu ya kubuni ya mpira wa kikapu ya chuo kikuu cha Marekani. Kila mchezaji ni jina na alama zake: kulenga, kutoa pasi, kulinda. Kocha hupewa akiba yenye kikomo. Anachotumia kwa mfungaji hodari hupungua katika fungu la mlinzi. Kaka mtu husajili wafungaji watupu, dada mtu hutaka walinzi. Siku kaka alipomwambia dada yake kuhusu mlinzi mmoja, "Huyu hafungi, hana kazi," sisi wazazi tuliona maneno hayo hayafai kuachwa yapite.

Tuliwasimulia habari za kweli. Mwaka 1990, Loyola Marymount ya Los Angeles, chini ya kocha Paul Westhead, ilikuwa ikifunga wastani wa pointi 122.4 kila mchezo. Katika mashindano ya taifa iliwashinda mabingwa watetezi, Michigan, 149 kwa 115. Kisha ilikutana na UNLV ikafungwa 131 kwa 101. Mbio zilizowapa wao nafasi nyingi za kufunga ziliwapa wapinzani nafasi hizo hizo.

Virginia ya kocha Tony Bennett ilisifika kwa ulinzi na mwendo wa taratibu. Mwaka 2018 ilifungwa 74 kwa 54 na UMBC, chuo ambacho hakuna aliyekitazamia. Mwaka uliofuata ikatwaa ubingwa kwa kuishinda Texas Tech 85 kwa 77 katika muda wa nyongeza. De'Andre Hunter, aliyesifiwa mwaka huo kwa ulinzi, ndiye aliyefunga pointi 27 katika fainali hiyo.

Hapo tukawaonyesha hesabu. Idadi ya pointi peke yake hudanganya. Afadhali kutazama kila mara 100 timu inaposhika mpira. Inayofunga 110 na kufungwa 105 imebakiwa na 5; inayofunga 100 na kufungwa 90 imebakiwa na 10. Wala mizani si kuweka wafungaji upande huu na walinzi upande ule. Asiyejua kulinda hata kidogo ataandamwa na kila mpinzani. Asiyejua kufunga hata kidogo ataachwa peke yake, na mlinzi wake aende kumbana mfungaji wetu. Watu watano kwa dakika 40 ni dakika 200 za kugawa, na kila dakika ina pande mbili.

Binti yetu akauliza, "Mbona ubaoni huandikwa waliofunga tu?" Swali hilo lilituingia. Chombo huenda kwa tanga, lakini hakifiki bila ya mtu wa kufua maji. Nyumbani nako, aletaye mshahara huonekana. Bibi anayekaa na mtoto mgonjwa, mama anayeshona sare ili isinunuliwe nyingine, hao ubao hauwaandiki. Kazi ya kuzuia hasara haina mlio.

Basi sasa, tunapoketi kupanga matumizi ya mwezi, hatuulizi tu nani ameleta nini. Twauliza pia nani amezuia nini kisipotee, na jina lake twalitaja mbele ya watoto.