Vyungu vya Nyuma ya Jiko

Mke wangu alipofariki aliniachia jiko nisilolijua. Kwa zaidi ya miaka arobaini nilikuwa nikiingia humo kuuliza tu kama chakula kiko tayari, kisha narudi kusahihisha madaftari. Jokofu hatukuwahi kununua. Karo za watoto zilitangulia daima.

Juma la kwanza la upweke nilikwenda soko la Majengo, hapa Dodoma, nikanunua nyanya, viazi mviringo, vitunguu, mchicha na kichane cha ndizi mbivu. Vyote nikavitia katika tenga moja, nikalifunika vizuri, nikaona nimefanya kazi ya maana. Siku ya nne mchicha ulikuwa wa njano, nyanya zimepasuka, vitunguu vinanuka. Mbuzi wa jirani ndiye aliyefaidi pensheni yangu.

Hapo ndipo nilipoanza kumkumbuka marehemu kwa makini. Vitunguu alivitundika kwenye wavu barazani, penye upepo. Viazi alivilaza gizani, maana vikipigwa na mwanga hugeuka kijani na kuingia sumu. Wala hakuviweka karibu na vitunguu, kwa kuwa viazi hutoa unyevu. Ndizi alizitenga peke yake. Siku moja nilimcheka: "Mama, ndizi zina ugomvi gani na mchicha?" Akanijibu, "Weka pamoja, Mwalimu, uone." Nami, msomaji, ndiye niliyeandika neno ethilini ubaoni mwaka baada ya mwaka, bila kufikiri kwamba gesi hiyo hiyo hutoka katika ndizi zinazoiva jikoni kwangu na kuyazeesha majani yaliyo karibu.

Nyuma ya jiko kulikuwa na vyungu viwili, kimoja ndani ya kingine, na mchanga katikati. Nilidhani ni vya maua. Mchanga ukimwagiwa maji asubuhi na jioni, maji hupenya udongo wa chungu cha nje na kugeuka mvuke, yakiondoka na joto la ndani. Mwalimu mwenzetu wa Nigeria, Mohammed Bah Abba, alitunukiwa tuzo ya Rolex mwaka 2000 kwa kusambaza vyungu vya namna hiyo kwao. Mke wangu hakupata hata asante yangu.

Nikavifufua, na nyanya zikakaa juma zima. Kiburi kikanirudia. Nikampelekea binti yetu, aliye Tanga, jozi nyingine. Baada ya siku chache akanipigia simu: "Baba, bamia zimeota ukungu." Nikafikiri kidogo, nikaelewa. Hewa ya pwani imekwisha kushiba maji. Mvuke hauna pa kwenda, na chungu hakipoi. Huku kwetu hewa ni kavu, hasa Juni hadi Oktoba. Hilo ndilo jambo pekee ambalo ningeweza kumfundisha mke wangu kuhusu vyungu vyake, na jioni ile, nikiwa na kopo la maji mkononi, niligeuka kumwambia.