Pete Moja

Mzee mmoja wa kanisa aliona picha ya Sonic kwenye kava ya simu yangu akauliza, "Pasta, na huyu ni nani?"

Mzee wangu, huyo ni kalunguyeye. (Si nungunungu, nungunungu ni mkubwa.) Kampuni ya Sega ya Japani ilimtoa kwenye gemu mwaka 1991, wa buluu na mwenye mbio. Wale wa kweli tunaowaona usiku kwenye nyasi huku Nakuru hujikunja tu, miiba nje. Aguri katika Mithali 30 aliwasifu chungu na wibari, sidhani angenikataza kalunguyeye.

Nimempenda tangu utotoni kwa sababu ya pete. Sonic huziokota njiani. Adui akimgonga zinatawanyika zote, lakini hafi. Anakimbilia kuokota chache kabla hazijapotea. Hata akiwa na moja tu, pigo halimwui.

Mwaka nilioanza kumcheza, baba alipoteza kazi. Redio iliuzwa, viti vikafuata, tukahamia chumba kimoja. Mama hakuacha kutuamsha saa kumi na moja tuombe, hata tukiwa tumelala njaa. Kwa akili yangu ya kitoto nilijua: hiyo ndiyo pete iliyobaki.

Kuna ndugu aliyeachishwa kazi, na sasa anaona aibu kuja ibada. Ndugu, sikuulizi zilizotawanyika. Njoo Jumapili na hiyo moja. Nauli ikisumbua, nipigie, nitakupitia.