Kibisi hana kitenge



Kutoka Mitwaba tulishuka kumwona shangazi katika bonde la Upemba. Asubuhi papa mmoja mvuvi alitupandisha mtumbwi wake, mimi na binti yangu, tukapita kando ya matete. Nilitaka foto ya kibisi.

Ndege huyo wa maji ni mdogo. Anazama ghafula, halafu anatokea mbali, mahali usipomtazamia. Miguu yake iko nyuma kabisa ya mwili, hivyo nchi kavu inamshinda. Hata kiota chake kinaelea, kimeshikizwa kwenye majani. Akitoka, anafunika mayai kwa majani yaliyolowa. Watoto wakizaliwa, anawabeba mgongoni, kati ya mabawa.

"Mama, hana kitenge!" binti akacheka.

(Kanada wana mzamiaji mwingine, mkubwa zaidi, anayeitwa loon. Naye anabeba watoto mgongoni, na tangu 1987 yuko kwenye sarafu yao ya dola moja.)

Tukaona kibisi amelalia mayai. Nikasema, "Papa, sogea kidogo." Akazuia mtumbwi kwa pondo.

"Hapana, mama. Ukimshtua anakimbia bila kufunika. Mwewe anaona, ao jua linapika mayai."

Nilikasirika kidogo, kusema kweli. Tulikuwa tumetoka mbali. Lakini tuligeuka. Kwenye maji ya wazi, kibisi mwingine akapita na watoto wake, nikapiga foto nikiwa mbali.

Ni doa jeusi tu. Binti anaionyesha kwa majirani wote: "Angalia vizuri. Wako wawili mgongoni."