Waliotunza Karatasi

Carrer de Montcada ni njia nyembamba katika mji wa kale wa Barcelona, dakika chache kwa miguu kutoka baharini. Majumba matano ya matajiri wa zama za kati yameunganishwa humo yakawa Makumbusho ya Picasso. Niliingia siku ya mapumziko, huku wenzangu wameshika njia ya ufukweni. Anayekwenda pale kutafuta zile nyuso zenye macho mawili upande mmoja, ambazo wengi wetu huzikumbuka likitajwa jina la Picasso, itabidi asubiri. Vyumba vya mwanzo ni vya mtoto wa shule.

Makumbusho haya yana vitabu vyake vya masomo alivyovichora pembezoni, na vibao vidogo vya kuenea kiganjani alivyovipaka rangi ya mafuta akiwa juu ya mapaa ya nyumba au kwenye mchanga wa ufukwe wa Barceloneta. Yana picha aliyomchora dada yake Lola mwaka 1896, akiwa amepiga magoti kanisani katika gauni jeupe la Komunyo ya Kwanza. Nilipotazama vibao vile sikushangazwa sana na kipaji, maana kipaji chake kinajulikana dunia nzima. Kilichonishika ni swali la kawaida kabisa: nani aliviweka? Mtoto wa miaka kumi na minne hatunzi vitu vyake. Huacha kitu kikidondoka chini ya kitanda, kesho akaanza kingine.

Picasso alizaliwa Málaga mwaka 1881. Baba yake, José Ruiz Blasco, alikuwa mwalimu wa uchoraji na mchoraji asiye na jina kubwa, aliyependa sana kuchora njiwa. Kazi ya ualimu iliwapeleka A Coruña, na huko, Januari 1895, mdogo wao Conchita, binti wa miaka saba, akafariki kwa dondakoo. Mwaka huohuo familia ikahamia Barcelona. Nalitaja jambo hili kwa sababu ya picha moja ambayo nilisimama mbele yake kwa muda mrefu kuliko nyingine zote.

Inaitwa Sayansi na Huruma. Ina urefu wa karibu mita mbili na upana wa karibu mita mbili na nusu, na aliyeichora mwaka 1897 alikuwa na miaka kumi na mitano. Mwanamke mgonjwa amelala kitandani. Kushoto kwetu ameketi daktari, kamshika kifundo cha mkono, saa iko katika mkono wake wa pili, anahesabu mapigo. Upande wa kulia sista wa kanisa amembeba mtoto mdogo, anamnyooshea mgonjwa kikombe. Mgonjwa hana nguvu hata ya kugeuza kichwa sawasawa, na vidole vyake vimelegea kiasi kwamba ukiviangalia karibu unajua saa ile haitasaidia. Yule daktari ni baba mtu. Mzee José ndiye aliyemlipia mwanawe kodi ya chumba cha kufanyia kazi, kisha akakaa kwenye kiti kuwa kielelezo. Miaka miwili baada ya kumzika binti, baba anakaa kando ya kitanda cha mgonjwa ili mwana ajifunze. Simjui mzazi anayeweza kuitazama picha hiyo akapita harakaharaka.

Kazi hizi za utotoni zilibaki Barcelona baada ya Picasso kuhamia Paris moja kwa moja mwaka 1904. Zilikaa nyumbani, kwa mama yake, María, kisha kwa Lola na watoto wake. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilianza mwaka 1936, jiji likapigwa mabomu kutoka angani, na bado makaratasi yakasalimika. Mwaka 1970 Picasso aliyatoa yote kwa makumbusho, mamia kwa mamia ya michoro na picha. Ukitembea katika vyumba vile unatembea ndani ya subira ya familia iliyokataa kutupa.

Mtunzaji mwingine ni Jaume Sabartés, rafiki aliyekutana naye ujanani mwaka 1899, baadaye akawa katibu wake. Makumbusho yalianzishwa kwa wazo lake na kwa kazi alizozitoa yeye. Yalipofunguliwa mwaka 1963 yalibeba jina la Sabartés, kwa kuwa Picasso alikuwa mpinzani wa Franco, dikteta wa Hispania wakati huo, na jina lake lilikuwa zito mno mlangoni. Sabartés alipofariki mwaka 1968, Picasso alitoa kwa kumbukumbu yake picha 58 alizozichora mwaka 1957 kule Cannes, akiizunguka upya kazi maarufu ya mchoraji Velázquez, Las Meninas, ya mwaka 1656. Tena aliendelea kutuma makumbushoni nakala za chapa zake, kila moja ikiwa na maneno ya kumtunuku Sabartés, kana kwamba rafiki angezipokea kwa mkono wake. Mengi yamesemwa juu ya jinsi Picasso alivyowatendea wanawake waliokuwa karibu naye, na hayafai kufunikwa kwa sababu ya ufundi wake. Lakini urafiki huu ulikuwa wa kweli, na ninauheshimu.

Katikati ya zile picha 58 zipo tisa zisizomhusu Velázquez hata kidogo. Ni njiwa dirishani, na bahari ya Cannes nyuma yao. Mzee wa miaka sabini na mitano, tajiri, maarufu kuliko mchoraji yeyote aliyekuwa hai, anaacha kazi kubwa katikati ili achore ndege ambao baba yake alikuwa akiwachora. José alikuwa amefariki tangu mwaka 1913. Mimi naziona picha zile kuwa ni shukrani ya mtoto kwa baba, iliyochelewa lakini ikafika.

Nilitoka nikiwaza Dar es Salaam. Huko mchoraji Edward Saidi Tingatinga alichora kwa miaka michache tu kabla ya kifo chake mwaka 1972. Mtindo wake unaendelea na jina lake liko midomoni mwa watu, ila kazi nyingi za mkono wake mwenyewe zilinunuliwa na wageni zikasafiri. Wanunuzi sina ugomvi nao. Waliziona, wakazipenda, wakalipa. Ugomvi wangu ni na sisi tulioziona kila siku tukadhani zitakuwepo siku zote.

Picasso hakurudi Hispania baada ya mwaka 1934, na alifariki Ufaransa mwaka 1973 bila kuyaona makumbusho yake ya Barcelona. Waliobaki nyumbani ndio walioyawezesha. Basi wewe mzazi unayesoma haya, mwanao akikuletea mchoro leo jioni, andika jina lake na tarehe nyuma ya karatasi, uuweke mbali na maji na mchwa. Nanyi mliopewa dhamana ya makumbusho yetu, nunueni kazi za wachoraji wetu wangali hai.