Waliokaa Nyuma ya Kitambaa

Wasichana wa kizazi changu waliijua sinema wakiwa wamekaa mchangani, tena nyuma ya kitambaa. Gari la serikali lilifika kijijini alasiri, kipaza sauti kikiwa juu ya paa, likapita kila njia likitangaza sinema ya bure. Jua likizama, kitambaa cheupe kilifungwa baina ya minazi miwili, jenereta ikawashwa mbali kidogo ili kelele zake zisimeze maneno, na uwanja ukajaa. Mbele walikaa wazee wa mji na wageni, kisha wanaume, kisha vijana waliokuja kwa baiskeli kutoka vijiji vya jirani. Mama zetu, waliobaki nyumbani kupakua chakula na kulaza watoto, walikuta nafasi zimekwisha, wakatushika mikono na kutuzungusha upande wa pili. Picha hupenya kitambaa, kwa hiyo hatukukosa kitu. Ila aliyeshika panga kwa mkono wa kulia sisi tulimwona kalishika kwa kushoto, na maandishi yote yalikwenda kinyume. Wengi wa mama zetu hawakujua kusoma, basi hilo halikuwasumbua.

Filamu zenyewe zilikuwa za mafunzo. Chimba choo. Chemsha maji. Mpeleke mtoto kliniki. Desturi hiyo ilitutangulia kuzaliwa: kati ya 1935 na 1937, huko Vugiri katika milima ya Usambara, Waingereza waliendesha mradi wa kutengeneza filamu kwa ajili ya Waafrika, wakazipakia kwenye lori na kuzionyesha Tanganyika, Kenya, Uganda, hadi Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Zilisimulia habari za safura, kodi, akiba ya posta, kilimo cha kahawa. Miaka ya 1950 ikaja kampuni ya Afrika Kusini kupiga filamu za hadithi kwa Kiswahili, na katika *Muhogo Mchungu* alicheza kijana Rashidi Mfaume Kawawa, ambaye baadaye alikuwa Waziri Mkuu wa Tanganyika.

Mwanamke hakukosekana katika picha hizo. Alikuwepo akielekezwa. Kazi yake ilikuwa kukosea mwanzoni, kusahihishwa katikati, na kutabasamu mwishoni akiwa na sufuria safi. Aliyeshika kamera alikuwa mwanamume, aliyeendesha gari mwanamume, na aliyesimama kando ya kitambaa kutueleza tunachokiona naye mwanamume. Nikiwaambia wajukuu zangu kwamba mama zetu walikuwa wakitazamwa miaka mingi kabla ya wao kupata nafasi ya kutazama kitu kilichotengenezwa kwa ajili yao, hawanielewi mara moja. Wao kila mmoja ana kamera mfukoni.

Mjini Unguja mambo yalikuwa mengine kidogo. Palikuwa na sinema ya Royal, iliyofunguliwa 1921, ikaungua 1954, ikajengwa upya mwaka uliofuata kwa jina la Majestic. Palikuwa na Empire na Sultana. Hapo zilipangwa siku za wanawake watupu, tukiziita zanana, ambapo mabuibui yalijaa kuanzia mlangoni hadi viti vya juu. *Mother India* ya 1957 iliwaliza shangazi zangu wote, na nyimbo zake walizijua kwa moyo bila kujua Kihindi. Nazitaja siku za zanana kwa sababu wapo wanaosema mwanamke wa pwani hakuwa mtu wa sinema. Alikuwa mtu wa sinema sana. Alichohitaji ni saa inayomfaa, mahali asipoonekana mtovu wa adabu kwa kukaa, na mwenzake wa kufuatana naye.

Majumba hayo yalipokufa, moja baada ya jingine, kilichofuata ni vibanda umiza vya kuonyeshea video. Benchi za mbao, mlango mmoja, joto, mpira wa Ulaya jioni na filamu za mapigano usiku, zikisimuliwa kwa Kiswahili na watu kama Lufufu, ambaye sauti yake vijana waliipenda kuliko ya mchezaji mwenyewe. Vibanda hivyo vimewapa raha watu wengi na sivibezi. Lakini mama mtu mzima haingii kibanda umiza. Wala binti yake. Kwa hiyo sinema, ambayo ilikuwa imeanza kuwa ya wanawake pia, ikarudi kuwa ya wanaume, na safari hii hapakuwa hata na upande wa nyuma wa kwenda kukaa.

Lililonifanya nishike kalamu ni kwamba katika miaka hiyohiyo wanawake wa Afrika Mashariki walikuwa wameanza kutengeneza filamu zao. Flora M'mbugu-Schelling wa Tanzania alitoa *Kumekucha* mwaka 1987, na *These Hands* mwaka 1992. Mwaka huohuo Anne Mungai wa Kenya alitoa *Saikati*, habari ya msichana wa Kimaasai anayekimbia ndoa ya kulazimishwa. Wanjiru Kinyanjui, aliyesomea filamu Berlin, akafuata na *The Battle of the Sacred Tree*. Hatua kubwa namna hiyo, na mama zao waliokaa nyuma ya kitambaa hawakupata habari.

Niizungumze *These Hands*, maana naihesabu miongoni mwa kazi bora zilizopigwa katika nchi hii. Wanawake wakimbizi kutoka Msumbiji wako kwenye machimbo ya mawe Kunduchi, nje kidogo ya Dar es Salaam. Wamekaa chini, kila mmoja na rundo lake, nyundo mkononi, wanaponda mawe yawe kokoto. Watoto wako papo hapo, kwenye vumbi. Hakuna sauti ya msimulizi. Kamera haina haraka. Unaitazama nyundo ikipanda na kushuka mpaka unaanza kusikia uzito wake begani mwako, na baada ya muda unamwona mwanamke mwenyewe: namna anavyoligeuza jiwe kutafuta ufa kabla ya kupiga, namna anavyokiweka kidole pembeni kisipondwe, ustadi ambao hakuna shule iliyomfundisha. Kisha wanaimba, wanacheza. Filamu nzima haifiki saa moja. Haimfundishi mwanamke kuchemsha maji. Inamtazama anavyofanya kazi, na inatuachia sisi kulihesabu jasho lake.

Kwa miaka mingi mahali pa kuipata filamu hiyo palikuwa kwa msambazaji mmoja wa San Francisco, aliyeiuza kwa vyuo vikuu vya Marekani. Wanafunzi wa ng'ambo wameijadili darasani. Mwanamke anayeponda kokoto leo kando ya barabara ya Bagamoyo hajaoneshwa. Hapo ndipo moyo wangu unapouma, na ndipo ninapousifu uwanja wa wazi. Filamu ya aina hii haina soko kwenye kibanda, haiingii kwenye ratiba ya televisheni, na jumba la sinema la siku hizi liko ndani ya maduka makubwa ambako bei ya tiketi na bisi ni posho ya siku kadhaa. Kilichobaki ni ukuta mweupe, projekta, na usiku.

Tumeyaona matunda ya uwanja wa wazi. Tamasha la Kimataifa la Filamu la Zanzibar, ZIFF, lilipoanza mwaka 1998, filamu zilioneshwa ndani ya kuta za Ngome Kongwe, juu kukiwa na nyota, na pia zilipelekwa vijijini Unguja na Pemba. Miongoni mwa mambo yaliyofanyika katika tamasha hilo ambayo sitaki yasahaulike ni kutenga nafasi maalumu kwa ajili ya wanawake, filamu zao na mijadala yao. Mwenye mji wake aliyekuwa akipita kwenda Forodhani kununua mishikaki alijikuta amesimama mbele ya picha iliyotengenezwa na mwanamke, na akichoka anaondoka. Ukumbi hauwezi kutoa uhuru huo wa kuja nusu na kuondoka nusu, nao ndio hasa mwanamke mwenye mtoto mgongoni na chungu jikoni anaouhitaji.

Wapo wasomi, tena wanaotupenda, wanaosema filamu za sanaa hazifai kupelekwa kijijini: ni za polepole, hazina mapigano, watu hawataelewa, heri vichekesho. Maneno haya nimeyasikia tangu ujana wangu na sikubaliani nayo hata kidogo. Unguja ilimlea mwimbaji wa taarab Siti binti Saad, ambaye sahani zake za santuri zilianza kurekodiwa Bombay mwaka 1928, na watu walikaa barazani kuzisikiliza wakifumbua mafumbo yake beti kwa beti. Mtu aliyekuzwa na taarab hashindwi na picha isiyojieleza. Niliwahi kukaa na wanawake wa pwani ya kusini tukitazama *Pumzi* ya Wanuri Kahiu wa Kenya, filamu ya 2009 yenye dakika 21 tu: dunia imekauka, watu wanaishi ndani ya jengo lililofungwa, wanasafisha hata jasho na mkojo wao wapate maji ya kunywa. Binti aitwaye Asha anapata udongo ulio hai, anapanda mbegu, anatoka nayo jangwani. Maneno yaliyomo ni machache mno. Alipofika kwenye kumwagia mche maji yake ya mwisho, wanawake wale, ambao wamechota maji kisimani tangu utoto, walianza kumwelekeza kwa sauti: asimwage juu ya majani, akinge kiganja, amwage shinani. Kisha wakabishana kama alifanya haki kujitoa roho kwa mti. Mjadala ule ulikuwa mkali kuliko wowote niliousikia katika kumbi za wasomi.

Kwa vijana wa kike mnaoandaa maonyesho ya uwanja wa wazi, nina machache ya kiutendaji, maana mapenzi peke yake hayasimamishi skrini. Vijiji vya mashariki ya Unguja wanawake wengi ni wakulima wa mwani. Wakati wa bamvua wako baharini maji yakitoka, wanafunga na kuvuna, na usiku miili imechoka. Bamvua huja mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, na mwezi mpevu hufifisha picha. Pangeni basi maonyesho siku za maji mafu, wanawake wana nafasi na mwezi ni nusu tu. Mwezi wa saba kusi linavuma na kitambaa hulikamata kama tanga. Tafuteni ukuta wa skuli, upakeni chokaa, muachane na nguzo. Anzeni baada ya Isha, si kabla. Na tandikeni mikeka ya wanawake mbele, mapema, kabla viti vya plastiki vya wageni havijafika, kwa sababu viti vikishapangwa hakuna atakayevihamisha.

Nisidhaniwe nasema kizazi changu kilikuwa kimelala. Sisi tuliingia madarasa ya elimu ya watu wazima na mama zetu, tukawashikisha kalamu. Tuliwasomesha mabinti. Na sanaa ya uwanjani tuliifanya, ingawa haikuwa ya kamera: Penina Muhando na Amandina Lihamba, wasomi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walikwenda na wenzao vijijini na michezo ya kuigiza, wakafanya kazi Malya mwaka 1982 na 1983, wakiwauliza wanakijiji wenyewe kuhusu mimba za wasichana na kuwaacha watunge, wacheze, wabishane. Amandina huyohuyo tumemwona baadaye katika *Maangamizi*, filamu ya kwanza ambayo Tanzania iliipeleka kuwania tuzo ya Oscar. Jambo waliloligundua kule Malya ni kwamba onyesho halimaliziki mchezo unapokwisha. Linaanza pale. Watu wanapokaa chini kusema walichokiona ndipo kazi ya msanii inapofika mahali pake.

Ndiyo maana nawafuatilia wanaokuja sasa kwa hamu kubwa. Cece Mlay, kijana wa Kitanzania, ameshirikiana na Mjerumani Agnes Lisa Wegner kutengeneza filamu juu ya familia za Songea na Meru zinazotafuta mabaki ya wazee wao yaliyochukuliwa wakati wa utawala wa Wajerumani. Ilioneshwa katika tamasha la Berlin mwaka 2024, na ni haki Wajerumani waione. Kwangu mimi mahali pake hasa ni uwanja wa wazi wa kila kata ambako bibi anajua jina la mzee aliyenyongwa na hajui kichwa chake kiko kabati gani. Watu hao hawaiendei filamu mjini. Filamu iwaendee, iwakute wamekaa na majirani zao, katika lugha yao.

Na itakapokwisha, msizime mashine mkakunja nyaya upesi kwa kuogopa mafuta ya jenereta kuisha. Yaongezeni mapema. Mgeni rasmi akiwa bado anajiandaa kusimama, mmoja wenu achukue maikrofoni, apite katikati ya mikeka, aipeleke kwanza kwa mwanamke aliyekaa mwisho kabisa, amshikilie mpaka amalize anachotaka kusema.