Damu Iliyofanana na Maziwa

Sisi ni dada wawili wa tumbo moja. Mmoja ameolewa Ngara, mwingine Biharamulo. Mwaka 2018 tulikaribia kumzika kaka yetu kwa ugonjwa ambao hatukuwahi kusikia jina lake.

Alitoka kwenye rubisi usiku, na kabla ya alfajiri alikuwa amejikunja. Maumivu yalishika chini ya chembe cha moyo yakapenya hadi mgongoni, naye akitapika bila kupata nafuu. Akilala chali yalizidi, akiinama mbele yalipungua kidogo. Majirani wakasema amelishwa sumu kilabuni, na mtu akatajwa. Tunaona haya kukiri kwamba nasi tuliamini. Tukampa dawa ya kutapisha, siku nzima ikapotea.

Hospitalini tulifika na ndizi za samli, muuguzi akazirudisha. Kwanza dripu, akasema. Tulinung'unika, maana kwetu mgonjwa asiyelishwa ni kama ametupwa.

Kisha mtaalamu wa maabara akatuonyesha kichupa. Damu ilikuwa imetulia, na maji ya juu, ambayo huwa na rangi ya manjano hafifu, yalikuwa meupe kama maziwa. "Haya ni mafuta," akasema. Tukabisha! Kaka yetu ni mwembamba kama ufito, na nyama huila Krismasi.

Daktari alitueleza kwa subira. Kongosho limelala nyuma ya tumbo la chakula. Hutoa vimeng'enya vya kusaga chakula, na insulini ya kutawala sukari. Mara nyingi huvimba ghafla kwa sababu ya vijiwe vya nyongo au pombe. Lakini yako mafuta ya damu yaitwayo trigliseridi (si ile lehemu inayosemwa sana) ambayo hayatoki kwenye samli tu. Ini huyatengeneza pia kutokana na sukari na pombe. Kwa kawaida hayazidi 150 kwa kipimo chao. Yakipita 1,000, kongosho lenyewe linaweza kuyavunja yakawa asidi inayoliunguza. Kaka yetu alipita hapo, na sukari ilikutwa juu, kumbe alikuwa nayo bila kujua.

Tukapewa rufaa kwenda Bugando, Mwanza. Siku hizo daraja la Busisi halijajengwa, tukavuka kwa kivuko tukiomba kimoyomoyo. Alipewa dripu na insulini. Baada ya siku chache damu ilikuwa safi, kwa maana mafuta hayo hushuka upesi mtu akiacha kula. Ndiyo sababu tunashukuru kwamba ya kwanza ilitazamwa mapema. Tungechelewa zaidi, pengine chanzo kisingeonekana. Uji mwepesi usio na mafuta alianza mara hamu iliporudi.

Tulipotoka tulikwenda kwa yule jirani tuliyemshuku kutuombea radhi midomo yetu. Alitupa viti, akakaa kimya muda mrefu.

Kaka ameacha pombe. Mara mbili alirudia, akaacha tena. Kwa kuwa tatizo hili huweza kupita katika ukoo, tuliambiwa nasi tupime, tukiwa hatujala tangu jioni. Mmoja wetu alikutwa na trigliseridi 400. Si yule mnene. Sasa chai yake haina sukari, soda amemwachia mume, na kila baada ya miezi kadhaa hurudi kupima.